Zimeni Swichi Kuu Wenyewe Kabla Radi Haijawazimia

Mvua za Songwe huanza Novemba. Zikianza, radi haziko mbali.

Umeme utakatika Tunduma. Utakatika Vwawa na Mlowo. Utakatika Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Hilo halihitaji mtabiri. Umeme wa mkoa huu husafiri mbali kutoka Mbeya, kwa nyaya zinazopanda vilima na kuvuka mashamba, na nyaya ndefu msimu wa radi hazikosi kupigwa.

Siandiki kuhusu giza. Giza tumelizoea. Naandika kuhusu dakika inayofuata giza, ndani ya chumba kidogo kilichofungwa kufuli, ambamo seva zinaunguruma, betri zimepangwa sakafuni, na nje ya ukuta lipo jenereta ambalo ofisi nzima inaamini litawaka.

Nani amelijaribu?

Siulizi nani huliwasha Jumatatu asubuhi kwa dakika tano, likanguruma, likatoa moshi, likazimwa, mlinzi akatia sahihi kwenye daftari. Nauliza nani amewahi kuzima swichi kuu ya jengo mchana kweupe, seva zote zikivuta umeme, viyoyozi vikifanya kazi, kisha akakaa pale saa mbili akiangalia kitakachotokea.

Kama hakuna, ofisi hiyo haina umeme wa akiba. Ina jenereta.

Wapo watakaosema onyo hili ni la Dar es Salaam. Kituo cha taifa cha data kiko Kijitonyama, chini ya TTCL; sisi huku mpakani tuna kompyuta tu. Ni kosa, tena kosa la hatari. Seva kubwa zinaweza kuwa Dar, lakini njia ya kuzifikia inapita kwenye kabati la chuma lililoko hapa hapa: kwenye tawi la benki, kwenye ofisi ya halmashauri, hospitalini, kwenye majengo ya forodha, chini ya mnara wa simu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unavukia Tunduma kuingia Zambia. Kabati likizimika, seva ya Dar inaweza kuwa nzima kabisa na isikufae kitu.

Tunduma ina sababu ya ziada ya kuogopa. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha huduma za pamoja mpakani hapa. Nia ilikuwa njema: lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Anayeingia Zambia anamalizia Nakonde, anayeingia Tanzania anamalizia Tunduma, na maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Zamani upande mmoja ukilala, wa pili uliendelea na sehemu yake. Sasa paa moja likiingia giza, nchi mbili zinakaa gizani pamoja.

Na karatasi hazipo tena za kuokoa jahazi. Forodha ya TRA inafanya kazi kwenye mfumo, forodha ya Zambia inafanya kazi kwenye mfumo, malipo ya Serikali yanahitaji namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Afisa wa forodha hawezi kugonga muhuri wa mkono akaachia semitrela ya mafuta iende Lubumbashi. Atasubiri. Dereva atasubiri. Nyuma yake atasubiri mwingine, na mwingine, na foleni ya malori ya Tunduma, ambayo imewahi kunyooka kilomita nyingi kuelekea Mpemba, itaanza upya. Mama ntilie peke yao ndio watakaofaidi.

Hospitalini hakuna hata wa kufaidi. Jina la mgonjwa, majibu ya maabara, dawa aliyoandikiwa jana, bima yake: vyote viko kwenye kompyuta. Chumba cha seva kikianguka saa nane usiku, muuguzi anabaki na mgonjwa bila kujua historia yake.

Tukiambiwa mtandao uko chini, tunalaumu kampuni ya simu. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Kosa ni betri.

Jambo hili limeshatokea kwa jirani yetu, hadharani, mbele ya dunia nzima. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu Kenya yote. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulikuwa na majenereta. Jenereta lililokuwa likihudumia sehemu ya majengo ya abiria liligoma kuwaka. Abiria wakakaa gizani kwa saa kadhaa kwenye uwanja mkubwa kuliko yote nchini humo. Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi na kumwondoa kazini mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege. Novemba gridi ikaanguka tena. Desemba ikaanguka tena.

Sisi nasi, tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, Gridi ya Taifa ilipata hitilafu na nchi ikaamka bila umeme. Ilikuwa sikukuu. Ofisi zilifungwa. Tulisamehewa mtihani, hatukuufaulu.

Mnyororo wenyewe ni mfupi. Umeme wa TANESCO unakatika. UPS inashika mzigo papo hapo kwa betri zake. Jenereta linapokea amri na kuwaka, kwa kawaida ndani ya sekunde kumi hadi thelathini. Chenjiova inahamisha jengo kutoka kwenye laini kwenda kwenye jenereta. Betri zinapumzika. Ofisi ndogo nyingi zina betri za kubeba mzigo dakika kumi au kumi na tano, si zaidi, na hizo ni dakika za betri mpya. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi.

Pete inayokatika mara nyingi ni ya bei ndogo kuliko zote. Jenereta la mamilioni ya shilingi huwashwa na betri kama ile ya lori. Nenda kalifungue leo. Tazama vichwa vya hiyo betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani umejikusanya kwenye klempu, waya ukichezacheza ukiutikisa, na maandishi ya tarehe yamefutika kwa vumbi na mafuta, umeshapata jibu lako. Siku ya radi utasikia mlio mmoja wa "tak", halafu kimya.

Kisha nenda ndani. Vuta UPS mbele, mtake fundi aifungue. Betri nzima ya risasi ina ubavu ulionyooka. Weka rula ya plastiki ubavuni utaona. Iliyochoka hutuna. Ukingo wake hupanda, na wakati mwingine hubana hadi isitoke kwenye sanduku lake. Betri za aina hii hudumu miaka mitatu hadi mitano hivi zikikaa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi kumi za ziada hupunguza umri huo karibu nusu. Tunduma ni mji wa baridi, mtasema. Chumba cha seva si mji. Kimezibwa madirisha, kina mashine zinazotema joto usiku na mchana, na kiyoyozi chake hakijaunganishwa kwenye UPS.

Hapo pana mtego ambao wengi hawauoni. Umeme ukikatika, seva zinabaki hai kwa betri, kiyoyozi kinakufa. Joto linapanda. Jenereta likiwaka, kiyoyozi kinaamka kwa pupa na kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na jenereta lililonunuliwa kwa hesabu ya taa na kompyuta linazidiwa, linakohoa, linazima. Jaribio la dakika tano bila mzigo haliwezi kukuonyesha hilo. Litakuonyesha moshi tu.

Dizeli nayo huzeeka. Iliyokaa kwenye tangi mwaka mzima huvuta unyevu, huota uchafu, huziba chujio. Nchi hii ililazimika kuweka vinasaba kwenye mafuta kwa sababu ya uchakachuaji. Mpakani, ambako madumu yanavuka usiku na mchana, hakuna sababu ya kuamini dizeli usiyojua ilikonunuliwa.

Na umeme ukirudi ndipo wengi wanapoumia. Tarehe 27 Mei 2017 British Airways ilisimamisha safari na kukwamisha abiria wapatao 75,000. Kwa maelezo ya wakuu wake, umeme wa kituo chao cha data karibu na Heathrow ulikatwa, kisha ukarudishwa bila mpangilio, na ule wa kurudi ndio ulioharibu mashine. Kama wao waliharibikiwa kwa umeme wa kurudi, msidhani eksitensheni ya dukani itawakinga nyinyi.

Hadi hapa nimezungumzia kuzimika. Kubaya zaidi ni kuungua.

Saa 6:47 usiku, tarehe 10 Machi 2021, moto uliwaka kwenye kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Ulianzia eneo la UPS na betri zake. Jengo moja liliteketea lote, la pili likaungua sehemu. Mamilioni ya tovuti yalitoweka. Ripoti ya zimamoto ilisema hapakuwa na mfumo wa kuzima moto wa kujiendesha, wala swichi moja ya kukata umeme wote; ilichukua karibu saa tatu kuukata. Kwa saa tatu wazimamoto waliukabili moto huku jengo likiwa na umeme. Wateja waliolipia nakala za akiba waligundua kwamba nakala zao zilikaa mle mle, zikaungua pamoja na asili. Mteja mmoja alikwenda mahakama ya biashara ya Lille na kushinda fidia ya zaidi ya yuro 100,000. Data yake haikurudi.

Korea Kusini walikuwa wanajaribu kufanya jambo sahihi. Tarehe 26 Septemba 2025, usiku wa saa mbili na robo hivi, kwenye kituo cha data cha Serikali mjini Daejeon, mafundi walikuwa wanahamisha betri za lithiamu za UPS ili ziwe mbali na seva. Betri hizo ziliwekwa mwaka 2014 na muda wake wa dhamana wa miaka 10 ulikuwa umepita. Moja ikalipuka. Moto ulichukua takriban saa 22 kuzimika. Mifumo zaidi ya 600 ya Serikali ilizimwa, 96 iliungua, na hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, ilipotea moja kwa moja kwa sababu haikuwa na nakala popote.

Korea Kusini, mojawapo ya nchi zinazotengeneza betri za dunia.

Sasa rudini Tunduma. Mwaka 2024 ukame ulipokausha bwawa la Kariba na ZESCO, shirika la umeme la Zambia, ikakata umeme kwa saa nyingi kila siku, biashara ya betri na inveta ilishamiri Zambia. Mpaka ni mmoja, soko ni moja. Betri zinauzwa kando ya barabara, nyingine mpya, nyingine zimeshatumika, nyingine zimebandikwa lebo mpya juu ya mwili wa zamani. Kwa nyumba ya mtu anayetaka taa na redio, hiyo ni bahati nasibu yake. Kwa chumba cha seva ni moto unaosubiri. Betri isiyojulikana ilikotoka isiingie humo. Iliyodondoka isiingie. Iliyovimba itoke leo, na itolewe na anayejua, maana hata betri ya risasi ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche ya swichi inatosha.

Tena kuna kifo ambacho hakimpati mwenye ofisi. Kinampata mtu wa TANESCO.

Kishoka anaitwa kuunganisha jenereta. Hana leseni ya EWURA. Chenjiova ni ghali, anasema, hakuna haja. Anachukua waya, anaingiza umeme wa jenereta kwenye soketi ya ukutani au moja kwa moja kwenye bodi. Taa zinawaka. Analipwa, anaondoka na bodaboda. Umeme ukikatika na mtu akasahau kuzima swichi kuu, umeme wa jenereta, volti 230, unarudi nyuma kupitia mita, unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti. Juu ya nguzo, kwenye mvua, yupo fundi anayeamini laini imekufa.

Atakufa kwa waya wa shilingi elfu ishirini.

Chenjiova haipo kwa ajili ya urahisi wa ofisi. Ipo ili umeme wa jenereta na umeme wa laini visikutane kamwe. Jengo lenye jenereta na lisilo na chenjiova lisiwashe jenereta hilo hata leo jioni. Na jenereta likae nje, kwenye hewa. Likiwekwa kwenye korido kwa kuogopa wezi, moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, na mlinzi anayelala karibu nalo hataamka.

Kuna faraja moja inazunguka mkoani, nayo ni ya hatari: umeme mkubwa unakuja. Ni kweli, unakuja. Mradi wa TAZA unajenga njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ya kuunganisha gridi yetu na ya Zambia, na Songwe inapata kituo cha kupozea umeme pale Nkangamo. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Hakuna anayepinga. Lakini Atlanta, Marekani, ilikuwa na umeme mkubwa siku zote. Tarehe 8 Agosti 2016 hitilafu ya umeme ndani ya kituo cha data cha shirika la ndege la Delta ilileta kufutwa kwa safari zaidi ya 2,000. Gridi ya mji haikuwa na tatizo. Shirika lilikuja kugundua kwamba kati ya mashine zake kama 7,000, karibu 300 hazikuwa zimeunganishwa kwenye umeme wa akiba. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyezima swichi akaona zipi zinabaki hai.

Kilovoti 400 za Nkangamo hazitabadilisha betri yenu iliyovimba.

Najua pia anayejua haya yote yupo. Ni afisa TEHAMA. Ameshaandika barua ya kuomba betri, barua iko kwenye faili, faili liko kwenye meza ya mtu anayeona betri ni gharama isiyo na faida, na kwamba mwaka jana hakikutokea kitu. Mkurugenzi, meneja wa tawi, mganga mfawidhi: itafuteni hiyo barua. Hakuna matumizi ya bajeti yenu yaliyo madogo kiasi hicho yanayozuia hasara kubwa kiasi hicho.

Yanayotakiwa sasa ni machache, na mengi yanamalizika ndani ya wiki.

Betri zikaguliwe zote, za UPS na ya kuwashia jenereta, kila moja ibandikwe tarehe iliyofungwa, na zilizopita umri zitoke. Chenjiova ikaguliwe na fundi mwenye leseni. Mwombeni leseni, aitoe mfukoni, muisome, muone ni ya daraja gani na inaisha lini. Ethi ipimwe wakati huu udongo ukiwa mkavu, kwa sababu mvua huwapa watu majibu mazuri ya uongo: ethi inayofaulu Oktoba itafaulu Januari, iliyopimwa Januari haikuhakikishii Oktoba. Nakala za taarifa zikae jengo jingine, mbali, na mtu ajaribu kuzifungua, maana nakala isiyofunguka ni diski tu. Maboksi, mafaili ya zamani, dumu la dizeli na fagio vitoke chumba cha seva. Pawe na swichi moja ya kukata umeme wote, nje ya chumba, imeandikwa kwa rangi, na mlinzi wa zamu ajue iko wapi bila kumpigia mtu simu. Ikumbukwe kwamba swichi hiyo haizimi betri. Betri zina swichi yake. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe mlangoni. Waiteni Zimamoto na Uokoaji waje wakione chumba kabla hakijaungua, wajue mlango uko wapi na betri ziko upande gani.

Na jaribio. Hilo ndilo kubwa, na ndilo linaloahirishwa.

Chagueni Jumamosi moja kabla ya mvua. Watangazieni wateja na mawakala siku tatu mapema. Chukueni nakala za taarifa Ijumaa jioni. Saa nne asubuhi, fundi akiwa pale, afisa TEHAMA akiwa pale, mtungi wa gesi wa kuzimia moto ukiwa mkononi mwa mtu anayejua kuutumia, zimeni swichi kuu. Andikeni sekunde ambazo jenereta limechukua kuwaka. Andikeni kila mashine iliyozima. Acheni viyoyozi vivute. Kaeni saa mbili, pimeni joto la chumba kila robo saa, kisha rudisheni umeme taratibu, mkitazama nini kinakataa kuamka.

Jenereta likigoma, msimlaumu mtu siku hiyo. Mtakuwa na wiki kadhaa za kulitengeneza, na maduka ya vipuri ya Mbeya yatakuwa wazi Jumatatu.